Chuo cha sheria na kazi yenyewe ya uwakili: maswali ninayoulizwa kila siku

Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Dar, naelekea mwaka wa nane tangu niapishwe. Kila mwezi wa saba wahitimu wakianza kumiminika napokea maswali yaleyale, kwa hiyo nimeyakusanya nijibu kwa mkupuo. Ninachosema ni cha Tanzania Bara, Zanzibar wana mahakama zao na utaratibu wao, wale waulizeni wenyewe.

Tuambie ukweli, ukimaliza LLB (shahada ya kwanza ya sheria) unaweza kufanya kazi ya wakili?

Hapana. Na sio kwamba chuo hakijafundisha kitu, kimefundisha, ila kimekufundisha kesi zilizokwisha. Fikiria mwenyewe: miaka minne (au mitatu, inategemea chuo) unasoma hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, na kwenye hukumu jaji ameshakuwekea kila kitu mezani, mdai ni fulani, alinunua kiwanja mwaka fulani, akavamiwa mwaka fulani, ubishi ni huu. Kazi yako inabaki kusema sheria inasemaje. Mtihani nao hivyohivyo, "Juma alimuuzia Asha gari bovu, mshauri Asha". Juma na Asha hawadanganyi, hawasahau tarehe, hawajapoteza karatasi.

Ofisini mtu anakuja kesi haijawa kesi. Ni malalamiko tu, yamechanganyika na hasira na mambo ya ukoo, na wewe ndo unatakiwa uitengeneze iwe kesi. Hiyo kazi ya kutengeneza hakuna aliyetufundisha, na ndo uwakili wenyewe kwa asilimia kubwa.

Toa mfano basi, maneno ya jumla tumeyazoea.

Sawa. Mwaka wangu wa kwanza kazini, bosi wangu (mama mmoja, wakili wa siku nyingi, nitamtaja mara nyingi humu) akaniambia kuna mzee hapo mapokezi, msikilize alafu uniletee hati ya madai, yaani karatasi ya kufungulia kesi. Nikatoka na notibuku mpya. Mzee ana mfuko wa rambo, enzi hizo rambo zilikuwa hazijapigwa marufuku. Nikamwamkia, akaitikia, akamwaga mfuko wote mezani: karatasi ya daftari la mistari imeandikwa "Makubaliano ya mauziano ya kiwanja" na mhuri wa serikali ya mtaa umefifia, risiti za misumari na saruji, kadi ya kliniki ya mtoto, barua mbili kutoka kwa mjumbe, na picha ya harusi ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya kazi gani.

Namuuliza, mzee ulinunua lini? "Elfu mbili na sita, mwanangu." Karatasi inasema 2008. Namuuliza, huyu mtu alianza kujenga kwenye kiwanja chako lini? "Tangu wakati wa yale mafuriko." Mafuriko gani mzee? Ananishangaa, kama vile Dar ilifurika mara moja tu. Sasa wewe uliyesoma unajua madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, kwa hiyo lazima ujue ni mafuriko yapi hasa, maana saa ya ukomo inaanza kuhesabiwa hapo. Ilinichukua karibu saa nzima, mpaka akakumbuka kwamba mjukuu wake alizaliwa wiki ile maji yalipoingia nyumbani, na kumbe ile kadi ya kliniki haikuwa takataka, tarehe ya kuzaliwa ilikuwemo: Desemba 2011.

Hapo bado. Aliyemuuzia ameshafariki, kwa hiyo unatafuta msimamizi wa mirathi yake nani, na kama hayupo unafanyaje. Ule mkataba haujalipiwa ushuru wa stempu, na mahakama haiupokei kama ushahidi mpaka ulipiwe. Kiwanja hakijapimwa, hakina namba, mipaka yake ni "kwa mama fulani" na "mti wa mwembe".

Nilikesha nikaandika hati ya madai kurasa kumi na moja. Nimejaza kesi za Rufani humo, nikajiona msomi kweli. Asubuhi bosi akaisoma amesimama, kalamu nyekundu mkononi, akafuta kurasa tisa. Alafu akaniuliza, "Hapa hujaniambia kiwanja kiko wapi." Na kweli, sikuwa nimeandika popote. Mtaa, kata, ukubwa, jirani wa kaskazini nani, wa kusini nani, hamna. Na bila kuelezea ardhi vizuri kiasi cha kutambulika, hata ukishinda unaletewa hukumu isiyotekelezeka, dalali wa mahakama atamtoa nani, wapi?

Nilikuwa na A ya Sheria ya Ardhi mimi.

Sasa si ndo maana kuna Law School? Kule hawafundishi vitendo?

Wanafundisha, na wanaosema haina maana kabisa wanatia chumvi. Kwanza tujue ilikotoka. Zamani mhitimu alikuwa anakwenda intanishipu ya mwaka mmoja, kisha anatahiniwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Ikatungwa sheria mwaka 2007 ya kuanzisha Law School of Tanzania, mafunzo yakaanza 2008, jengo lipo barabara ya Sam Nujoma, kila anayepita kwenda Mwenge analiona. Unasoma Stashahada ya Uzamili ya uanasheria kwa vitendo, mwaka mmoja hivi, kuna darasa, kuna mahakama ya maigizo, kuna fildi mahakamani na kwa mawakili. Ukifaulu unaomba kwa Jaji Mkuu, unapita kwenye usaili wa Baraza, ndo unaapishwa.

Yale mazoezi ya kuhoji shahidi mbele ya jaji mstaafu au wakili mkongwe anayekukatisha kila dakika, hayo yalinisaidia kuliko kitu chochote nilichopata chuo. Uandishi wa nyaraka pia. Na somo la maadili, ambalo watu wanalidharau mpaka siku wanaitwa kwenye Kamati ya Mawakili, ile ya nidhamu.

Tatizo ni kwamba kwa kile kipindi kifupi wanajaribu kukurudishia vitu ambavyo ulitakiwa uje navyo. Ukimkuta mtu ana LLB hajui tofauti ya hati ya madai na hati ya maombi, au anaandika sentensi ya mistari nane haina kitenzi, utamfundisha mbinu za mahakamani saa ngapi?

Yale matokeo ya Law School ya 26 kati ya 633, ilikuwaje?

Hiyo Oktoba 2022 hakuna aliyelala. Matokeo yalitoka, wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja 26, yaani kama asilimia 4.1. Waliopewa sapu 342. Waliodisko, yaani walioondolewa masomoni, 265. Nchi nzima ikaanza kubishana, bungeni, redioni, kwenye daladala, waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dkt. Damas Ndumbaro, akaunda kamati ya kuchunguza chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe.

Watu waligawanyika kambi mbili. Kambi moja: vyuo vikuu vinamwaga watoto wasiojua kitu, Law School inachuja, acheni wachujwe. Kambi nyingine: haiwezekani watu 600 wote wawe vilaza, mwalimu anayefelisha darasa zima ajiangalie mwenyewe. Mi nipo kambi zote mbili, na siombi radhi. Nimepokea vijana ofisini wenye GPA nzuri kabisa ambao hawawezi kunifupishia faili la kurasa 40 kwa kurasa mbili, hilo ni la vyuo vikuu. Lakini pia mtihani ambao kwa mkupuo mmoja unawaacha 26 tu wamesimama, hata kama kila swali ni halali, unatuambia kwamba mwanafunzi hakujua anapimwa nini mpaka alipopimwa. Kwenye ufundi wowote, uwe useremala au ushonaji, fundi anaharibu mbele ya mwalimu mara kumi kabla ya kupewa kitambaa cha mteja. Sisi tunaharibu mara ya kwanza kwenye mtihani.

Na tusisahau ile idadi ya sapu. 342 sio waliofeli, ni waliorudia baadhi ya masomo. Mtaani ilisomwa kama vile 607 wote wametupwa nje.

Fildi inasaidia au ni kupoteza muda?

Inategemea umeangukia wapi, na hapa ndo nina kinyongo. Kuna mwenzangu alipangwa kwa wakili ambaye alimkalisha nyuma yake kila kesi, wakitoka anamuuliza "pale kwa nini sikumuuliza shahidi swali lile?" Kuna mimi, ofisi yangu ya kwanza ya fildi (siitaji) niliprinti, nilipeleka bahasha, nilikwenda kununua chapati. Wiki ya saba ndo nikaambiwa leo kasimame mahakamani kwa niaba ya wakili, kesi fulani. Nikasoma faili usiku kucha nimejiandaa na hoja. Nimefika, mheshimiwa anauliza shauri limekuja kwa ajili gani, nikaanza kumwaga hoja, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Msomi, leo ni kutajwa." Karani alicheka mpaka akainama chini ya meza.

Hakuna aliyekuwa ameniambia tofauti ya siku ya kutajwa (kesi inapangiwa tu hatua inayofuata) na siku ya kusikilizwa kwa maana ya unafanya nini ukisimama. Kwenye kitabu ipo. Ila nani anasimama kwanza, unamtambulishaje wakili wa upande wa pili, unaombaje ahirisho bila kumuudhi mheshimiwa, hayo yapo kwenye miguu sio kwenye kitabu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba fildi nzuri inapatikana kwa kujuana. Mtoto wa wakili au wa jaji anaingia ofisi kubwa Posta, yule wa kutoka Namtumbo anayekaa kwa shangazi Gongo la Mboto anabeba bahasha. Alafu wakikutana kwenye usaili tunasema huyu ana kipaji.

Mwalimu mzuri uliyempata ni nani?

Bosi wangu na kalamu yake. Wa pili, mama wa masijala ya mahakama, pale nyaraka zinapopokelewa. Sitanii. Karani wa masijala ameona hati elfu kumi, anaijua mbovu kwa kuiangalia tu. Nimewahi kupeleka hati ya kiapo akaishika sekunde tano akasema "baba, umeapa wapi?" Kwenye sehemu ya kamishna wa viapo kulikuwa na tarehe, hakuna mahali. Sheria inataka vyote, mahali na tarehe, na Mahakama ya Rufani imeshaondoa maombi ya watu kwa kasoro hiyo. Ukimsalimia vizuri na usipojifanya msomi kwake, atakuokoa. Siku hizi mambo mengi yanapelekwa kwa mfumo wa kielektroniki na kulipia kwa kontroo namba, kwa hiyo vijana hawasogei masijala, wanapoteza darasa la bure.

Ni makosa gani yanawaangusha sana mawakili wapya?

Sio ya falsafa ya sheria, nakuhakikishia. Ni tarehe na karatasi.

Hati ya kiapo iliyojaa hoja za kisheria, maombi na mambo ya kuambiwa. Kila mtu amesoma kesi ya Uganda ya 1966, ex parte Matovu, inayokataza hayo, anaweza kukukariria, na bado anaandika kwenye aya ya tisa "kwamba ni haki na usawa mahakama ikubali maombi haya". Anaijua kanuni, mkono haujaizoea.

Kushtaki taasisi ya serikali bila notisi ya siku 90, au kuacha kumuunganisha Mwanasheria Mkuu. Kusahau kwamba ukomo wa madai ya madhara ni miaka 3 na wa mkataba ni miaka 6. Mteja alikuja kwako ikiwa imepita miaka miwili na miezi kumi na moja, ukamwambia njoo wiki ijayo tuongee vizuri.

Kwenda Rufani ukasahau notisi ni siku 30 tangu uamuzi. Kupeleka mgogoro wa ardhi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya bila kupitia usuluhishi wa Baraza la Kata, wakati mabadiliko ya 2021 yameshasema lazima.

Kingine, kumwamini mteja wako asilimia mia. Chuo hakikukuambia kwamba mteja atakuficha karatasi moja mbaya, na utaiona mara ya kwanza ikiwa mkononi mwa wakili wa upande wa pili wakati wa kumdodosa shahidi wako. Mi sasa hivi kila mteja namuuliza, "Adui yako akisimulia hii habari, anaanzia wapi?" Hapo ndo yanatoka.

Tumesoma kwa Kiingereza, mahakama sasa ni Kiswahili. Inaathiri?

Sana, na watu hawalisemi. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kinatumika pale inapolazimu kwa ajili ya haki. Mahakama za Mwanzo zilikuwa Kiswahili tangu zamani. Lakini lekcha, vitabu, kesi, mitihani, vyote Kiingereza. Matokeo yake kijana anafikiri kwa Kiingereza kibovu na anatafsiri kwa Kiswahili kibovu, katikati mteja haelewi lolote.

Jaribu kumweleza mama anayeuza mihogo pingamizi la awali ni nini. Yeye anaona amekuja kusikilizwa, wakili wa mdaiwa amesimama, maneno mawili, kesi imeondolewa, na haki yake hakuna aliyeigusa. Kama huwezi kumweleza kwa Kiswahili cha nyumbani kwamba kesi haijafa, mlango tu ndo haukuwa wenyewe, ataondoka akiamini umehongwa. Hii nayo ni stadi, tena ngumu, na sijawahi kuiona kwenye silabasi.

Kenya na Uganda wana nafuu?

Kila mtu analalamika kwao. Kenya unapita Kenya School of Law, na unafanya upyupileji, yaani mafunzo ya kazini, miezi sita chini ya wakili. Mitihani inatungwa na Baraza la Elimu ya Sheria ambalo sio lile linalofundisha, na hilo napenda, maana matokeo yakiwa mabaya angalau unajua wa kumuuliza ni nani. Uganda wana LDC (Law Development Centre), chuo chao cha aina hiyo, pale Kampala tangu 1970. Kote huko kelele za watu kufeli kwa wingi zipo, kwa hiyo msihame nchi kwa ajili hii.

GPA ina maana yoyote?

Kupata usaili, ndio. Baada ya hapo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza.

Kuhusu hela, wanafundisha?

Weee. Hakuna. Unaapishwa, unapiga picha na joho, mama analia kwa furaha, Jumatatu hujui umtoze mtu shilingi ngapi. Kuna Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015, isome, ni GN (Tangazo la Serikali) namba 264, ina viwango. Hakuna aliyenifundisha kwamba hela ya mteja inakaa akaunti yake tofauti na ya kwako, yaani niliambiwa kwenye maadili kwa sentensi moja, ila jinsi ya kuiendesha, hapana. TIN, risiti za EFD, leseni ya kila mwaka, kodi ya pango la ofisi, mshahara wa sekretari. Nimewaona mawakili wazuri sana mahakamani wakianguka kwa sababu walikula hela ya mteja wakitegemea kuirudisha kesi nyingine ikilipa. Hawakuwa wezi walipoanza.

Na kwa wanaouliza ada ya Law School, Bodi ya Mikopo siku hizi inakopesha kwa ajili hiyo, fuatilieni miongozo yao ya mwaka husika. Zamani wengi waliishia njiani kwa sababu hiyo tu.

Si siku hizi AI inaandika kila kitu?

Inaandika, tena kwa kujiamini. Mwaka 2023 kuna mawakili New York walipigwa faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka mahakamani kesi ambazo hazipo, zimetungwa na programu. Itumie ukitaka, ila kila kesi nenda TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama zetu, ufungue mwenyewe, ni bure, soma hukumu yote sio muhtasari. Na yule mzee wa rambo AI haitamuuliza mjukuu alizaliwa lini.

Nimemaliza chuo, nasubiri kuingia Law School, nifanye nini miezi hii?

Mdogo wangu, usikae nyumbani. Mahakama ni za wazi. Vaa vizuri, nenda Kisutu au mahakama yoyote ya wilaya uliyo karibu nayo, kaa benchi la nyuma, zima simu. Kaa siku nzima kesi moja inayosikilizwa, usirukeruke. Andika maswali ya kudodosa yanavyoulizwa, weka alama lile ambalo shahidi alinyamaza kwanza kabla ya kujibu. Ukirudi jaribu kuandika wewe hati ya madai ya kesi uliyoisikia, ukurasa mmoja na nusu, usizidishe.

Tafuta kituo cha msaada wa kisheria ujitolee. Kamati ya msaada wa kisheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo tangu 1967, na vituo vingine vipo mikoani. Kule huchagui mteja, anakuja mjane na mirathi, anakuja kijana kafukuzwa kazi, unasikiliza mpaka masikio yanauma.

Alafu omba mtu mwenye ofisi akupe faili moja tu lililofungwa, la kesi iliyoisha, lenye kila kitu ndani, barua, risiti, mwenendo, mpaka karatasi za kuomba ahirisho. Lisome kuanzia karatasi ya kwanza kabisa, sio hukumu. Ukifika katikati, kabla hujajua nani alishinda, funga, uandike wewe ungefanya nini kesho yake asubuhi.